Jina la mti: namna hadithi ya nkambo inageuka kitabu cha picha



Mu namba hii tunapenda kueleza kitu ambacho sisi wakubwa tunakipita bila kukitazama: kitabu cha picha cha watoto wadogo. Tunasema, "Ile ni ya batoto," tunairudisha pale ilikuwa, tunaenda ku fizikia na hisabati. Lakini mtu akikaa na kitabu kimoja kizuri cha namna hiyo, akikifungua ukurasa kwa ukurasa, ataona kuko akili nyingi ndani. Tena kuko neno linalotugusa sisi wa Koni, kwa sababu hadithi tutakayoeleza ni ya jina lililosahauliwa njiani.

Tutasema mambo manne: hadithi yenyewe, mchoraji wake, kazi ya picha, na mwisho kazi inayotungojea sisi wenyewe.

1. HADITHI YENYEWE

Kitabu kinaitwa mu Kiingereza The Amazing Tree, ni kusema Mti wa Ajabu. Aliyekiandika na kukichora ni John Kilaka, Mtanzania, na kilitoka mwaka 2009. Maneno ni machache, picha njo zinajaza kurasa. Tunaisimulia hapa kwa kifupi na kwa maneno yetu.

Njaa iliingia mu inchi ya wanyama. Mvua ilikataa, majani yalikauka. Ukabaki mti mmoja tu wenye matunda, matunda yaliyoiva kabisa. Wanyama wakakusanyika chini yake, lakini matunda hayakuanguka. Njaa inauma tumboni, chakula kinaonekana kwa macho, na hakuna anayekula hata kimoja.

Basi kuko mzee mmoja mwenye hekima, Kobe. Yeye njo anajua siri: mti ule lazima uitwe kwa jina lake. Ukiuita vizuri, matunda yanaanguka yenyewe. Ni lazima mtu aende kwa Kobe kuuliza jina. Sungura mdogo anasema, "Mimi nitaenda." Wakubwa wanamjibu, "Weye? Weye uko mudogo sana." Wanakwenda wenye miili, sawa Tembo na Nyati. Wanafika, wanapewa jina, wanarudi. Njiani jambo kidogo linatokea, na jina linatoka kichwani. Wanafika chini ya mti, wote wanawatazama ku kinywa, nao wako kimya. Wengine wanatumwa, nao vilevile. Mwisho kabisa Sungura anapewa nafasi. Analishika lile jina mpaka chini ya mti, analiita, matunda yanaanguka, njaa inakwisha.

Jina lenyewe ambalo Kilaka ameandika hatuliweki hapa. Ni kwa makusudi, na msomaji ataona sababu yake mbele.

Mtajua kwamba hadithi hii si ya kijiji kimoja. Inasimuliwa fasi nyingi za Afrika, na waandishi wa inchi mbalimbali waliiandika. Mwaka 1923 mwanamke wa Marekani, Edith Rickert, alitoa kitabu The Bojabi Tree. Kwake mti unaitwa bojabi. Mwaka 1989, huko Kanada, Celia Barker Lottridge aliiandika upya na Ian Wallace akaichora, kitabu kikaitwa The Name of the Tree. Mwaka 2013 Dianne Hofmeyr na mchoraji Piet Grobler walitoa The Magic Bojabi Tree. Mu kitabu cha Lottridge, mwenye kujua jina ni Simba mfalme, na mwenye kulibeba mpaka mwisho ni Kobe mdogo. Kwa Kilaka, Kobe amekuwa mzee wa hekima, na mbebaji ni Sungura.

Hapa njo tunapata somo la kwanza. Jina la mti linabadilika, wanyama wanabadilishana kazi, lakini mfupa wa hadithi ni ule ule: njaa, mti, jina, wakubwa wanasahau, mdogo anakumbuka. Hadithi ya mapokeo iko sawa nyumba ya udongo. Kila mwenye kuingia anaisiliba upya kwa udongo wa fasi yake, lakini nguzo haziondolewi.

2. MCHORAJI NA JIRANI ZAKE

John Kilaka anatoka upande wa Sumbawanga, kusini-magharibi ya Tanzania. Mwenye kutazama karata ya jeografia ataona kwamba upande ule uko karibu na Ziwa Tanganyika. Ukivuka maji, unafika kwetu, upande wa Moba. Si mbali. Ni watu wanaokula samaki wa ziwa moja na sisi. Kilaka amekuwa akisikiliza wasimulizi wa vijiji na kukusanya hadithi zao, kisha anazichora. Kabla ya kitabu hiki alikuwa ametoa kingine cha Sokwe mvuvi wa samaki, na kingine cha urafiki wa Panya na Tembo. Kile cha Panya na Tembo kilipata zawadi mwaka 2005 ku soko kubwa la vitabu vya watoto huko Bologna, Italia.

Namna yake ya kuchora inaitwa Tingatinga. Ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakusoma shule ya sanaa. Alichukua vipande vya ubao wa kugandamizwa, sawa ule wa kufungia plafo, akachukua rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, ile tunaita kinga, akachora wanyama na ndege. Mistari yake ni mizito, rangi ni kali, ngozi ya mnyama inajaa madoadoa, na nyuma ya mnyama mara nyingi ni rangi moja tu. Alikufa mwaka 1972: polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi. Alikuwa amechora miaka ine tu. Lakini alikuwa amefundisha vijana wa jamaa yake, nao walifundisha wengine, na kazi haikufa.

Sasa wanafunzi wa Katanga tusiseme, "Ile ni mambo ya Tanzania." Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kuchora huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Pakaitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame miti, samaki, nyoka na ndege wa kwao, kila mmoja achore vile macho yake yanaona. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, mwenye ndege na samaki wake. Mwenze Kibwanga, mwenye mistari mifupi mifupi inayojaza picha nzima. Na Bela, ambaye alipaka rangi kwa ncha za vidole. Kuko watafiti waliosema kwamba picha za wachoraji wa Kongo zilikuwa zinauzwa Dar es Salaam wakati Tingatinga alianza, na kwamba aliziona akapata moyo. Wengine hawakubali. Sisi hatuwezi kuwa waamuzi. Lakini mwenye kuweka ndege wa Pilipili karibu na ndege wa Tingatinga ataona hawa ni watu wanaoweza kusalimiana bila mkalimani.

Tena kuko mtu wa tatu tunayepaswa kumtaja, kwa sababu yeye alitumia picha kusimulia mu Kiswahili chetu hiki. Ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mu miaka 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha zaidi ya mia moja, moja baada ya nyingine sawa kurasa. Alizipeleka kwa mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, huko Lubumbashi, na kwa kila picha alieleza kwa mdomo, mu Kiswahili cha Shaba, nini kilitokea. Fabian alichapisha picha 101 pamoja na masimulizi yake mwaka 1996. Zile picha hazikuwa za watoto, kwani muko vita na vifo. Lakini namna ya kazi ni ile ile: picha inashika jambo, na mdomo unalifungua. Kwa hiyo kusimulia kwa picha si kitu tuliletewa mu sanduku kutoka mbali. Kulifanyika hapa, karibu na sisi, kwa lugha tunayosema ku soko.

3. PICHA INAFANYA KAZI GANI?

Wengi wanafikiri kwamba picha mu kitabu ni pambo, sawa maua juu ya meza. Ukiondoa maua, chakula kinabaki. Mu kitabu cha picha cha kweli si hivyo. Ukiondoa picha, hadithi inavunjika. Tutaeleza kwa njia tatu.

Kwanza, picha inasema yale maneno yanayanyamazia. Mwandishi anaandika tu kwamba njaa ilikuwa kubwa. Mchoraji njo anapaswa kuonyesha: mbavu, macho, ardhi iliyopasuka, mtoto wa mnyama amelala juu ya mgongo wa mama yake. Mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja anatazama na kusema, "Huyu iko na njaa." Amesoma tayari. Kwa Kilaka wanyama wanavaa nguo na kusimama sawa watu. Si mchezo wa bure. Mtoto akiona mnyama amevaa nguo sawa za jirani, anajua mara moja kwamba hadithi ya wanyama ni hadithi ya watu.

Pili, kugeuza ukurasa ni kungojea. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Sababu yake ni ya kiwanda: karatasi kubwa moja ikichapwa na kukunjwa inaleta kurasa 16, mbili zinaleta 32. Waandishi walizoea kipimo hicho, wakakifanya kuwa chombo cha kusimulia. Tembo anarudi na jina kichwani: ukurasa wa kuume unakwisha pale pale anapofungua kinywa. Mtoto anageuza ukurasa kwa haraka. Amesahau! Nkambo naye anafanya vilevile, lakini kwa kunyamaza. Anavuta pumzi, anakoroga moto, watoto wanasema, "Halafu? Halafu?" Ukurasa unaogeuzwa ni ile pumzi ya nkambo iliyotiwa mu karatasi.

Tatu, kurudiarudia. Sisi wa sekondari tunachoka na kurudiarudia, kwa sababu mwalimu wa kutunga insha anatupiga mstari mwekundu. Lakini hadithi ya mti haiwezi kusimama bila kurudia. Tazameni vile inafanya kazi. Kila mjumbe anapotumwa, Kobe anasema tena jina. Tembo anasahau, Nyati anasahau, lakini mtoto anayesikiliza amelisikia mara mbili, mara tatu. Mara ya tatu mtoto anaanza kulia, "Mimi ninalijua! Niulize mimi!" Sungura anapofika chini ya mti, mtoto analiita jina pamoja naye. Mbebaji wa jina ni yule mudogo aliyekaa chini anasikiliza, naye ameshinda wakubwa wote. Ndiyo maana hadithi hii imezunguka Afrika bila kuchoka. Inafundisha kukumbuka kwa kukufanya ukumbuke.

Watu wa Ulaya nao wana hadithi ya kurudiarudia, ile ambayo wengi wetu tuliisoma mu Kifaransa: Boucle d'or na dubu watatu. Bakuli tatu, viti vitatu, vitanda vitatu. Historia yake inafundisha sana. Mwaka 1831 mwanamke Mwingereza, Eleanor Mure, aliiandika na kuichora kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kimoja tu, akakitoa zawadi ya kuzaliwa kwa mtoto wa ndugu yake. Mwaka 1837 Robert Southey aliichapisha mu kitabu chake, bila kujua cha Mure. Kwa wote wawili anayeingia mu nyumba ya dubu si msichana wa nywele za dhahabu. Ni mwanamke mzee! Mtoto msichana aliingizwa baadaye, karibu na mwaka 1850, na jina tunalolijua lilikuja nyuma zaidi. Huko Ufaransa ikatoka mu vitabu vya Père Castor mwaka 1956, Rose Celli akiisimulia na Gerda Muller akiichora.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu tunafikiri hadithi za vitabu vya Wazungu zilizaliwa zimekamilika, na kifuniko na bei. Hapana. Zilikuwa hadithi za mdomo sawa zetu, zikageuzwa, zikabishaniwa, mzee akaondolewa akawekwa mtoto. Na tena angalieni: kile kitabu kimoja cha Eleanor Mure, alichofanya kwa mikono bila mashini, hakikupotea. Kimehifadhiwa mpaka leo mu maktaba ya mji wa Toronto, Kanada. Mtu mmoja, mtoto mmoja, kitabu kimoja. Ilitosha.

4. KINACHOPOTEA NA KINACHOBAKI

Wengine watatuuliza: hadithi ikitiwa mu kitabu, je, haifi? Ni ulizo la haki, na tusilikimbie.

Ni kweli, kuko vitu vinapotea. Wimbo unapotea kwanza. Hadithi za kwetu nyingi muko wimbo, na wimbo njo moyo wa hadithi. Karatasi haiimbi. Jibu la wasikilizaji linapotea, na ile sauti ya nkambo anapoigiza Fisi. Tena kitabu kinafunga hadithi. Kwa mdomo, leo ni Sungura, kesho ni Kobe, mwaka kesho msimulizi anaongeza mtu wa kijiji ambaye amekosana naye! Mu kitabu, Sungura ni Sungura mpaka mwisho wa dunia. Na jina la mti nalo linafungwa. Mtoto aliyesoma kitabu anaweza kumwambia nkambo, "Unakosa, jina si hilo." Hapo kitabu kimefanya kiburi.

Lakini tuseme pia upande wa pili. Rafiki mmoja wa mwaka wa tano alitupatia hadithi ya nkambo yake. Alianza vizuri, akafika pale pa wimbo, akasimama. Sauti ya wimbo anaijua, aliiimba kwa pua mbele yetu. Maneno hakuna. Yalikuwa maneno ya Kisanga ya zamani ambayo hata yeye wakati ule hakuyaelewa, aliyaimba tu sawa mtoto. Tulimwambia, "Enda kamuulize." Akajibu, "Tulimuzika mwaka jana." Tukanyamaza wote.

Hapo hadithi ya mti iligeuka, ikatutazama sisi. Njaa iko, mti uko, matunda yako, na jina limebaki njiani. Nani alikuwa Tembo? Si rafiki yetu peke yake. Ni sisi wote tunaotoka nyumbani tukaja internat, tunajifunza tarehe za wafalme wa Ubelgiji kwa kichwa, na wimbo wa mistari mitatu tunauacha ku barabara.

Tusisahau kwamba wazazi wetu walijua vema namna jina linaweza kuondolewa. Mji wetu uliitwa Jadotville. Mwaka 1966 ukaitwa tena Likasi, na Élisabethville ikaitwa Lubumbashi. Jina likirudi, ni kwa sababu kulikuwa watu ambao hawakuacha kulisema mu nyumba zao. Jina ambalo hakuna anayelisema halina njia ya kurudia.

Kuko pia jambo la wadogo zetu wa primeri. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema kwamba mu madarasa ya kwanza lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia. Kiswahili ni moja ya lugha zile ine za taifa. Sheria ni nzuri. Lakini mtoto hawezi kusoma sheria, anasoma kitabu. Mpe kitabu cha theluji na dubu, atasoma, naye atafaidika, kwani hadithi nzuri haina pasiporti. Lakini mtoto ambaye hajaona hata mara moja Kalulu wetu mu karatasi, na mto Lufira, na sufuria ya bukari, atakua akidhani vitabu ni vya watu wengine, na kwao kuna hadithi tu za kulalia. Hilo njo linatuuma.

5. KAZI YETU

Kwa hiyo komite ya wanafunzi tumekata shauri: kabla ya mwisho wa mwaka huu tutafanya kitabu cha picha kimoja, kwa mikono yetu, cha kuwasomea wadogo wa primeri. Haihitaji kiwanda. Tunaeleza namna.

Karatasi. Chukueni karatasi nane za kawaida, mzikunje katikati, mziingize moja ndani ya nyingine, mshone ku mgongo kwa sindano na uzi. Kila karatasi inaleta kurasa ine. Nane mara ine ni 32. Ni kipimo kile kile cha vitabu vikubwa.

Picha. Tutachapa ku roneo, kwa hiyo mchoraji achore kwa mistari juu ya stensili. Msijaze fasi kubwa kwa weusi, kwa sababu stensili inapasuka na wino unavuja mpaka ukurasa wa pili. Jifunzeni kwa Mwenze Kibwanga: mahali pa kuonyesha kivuli, tieni mistari mifupi mifupi. Jifunzeni kwa Tingatinga: nyuma ya mnyama pabaki peupe. Rangi zitatiwa na watoto wenyewe kwa penseli. Hivyo kila kitabu kitakuwa tofauti na kingine.

Maneno. Si zaidi ya mistari mitatu au ine kwa ukurasa. Kile picha inasema, maneno yanyamaze. Andikeni Kiswahili ambacho mtoto wa Koni anakisikia nyumbani, mkiangalia tu herufi ziwe sawasawa.

Hadithi. Hapa njo kazi ya kila mtu, hata asiyejua kuchora. Wakati wa likizo, mtu aende kwa nkambo wake, au kwa mzee wa jirani, amwamkie vizuri, akae, aombe hadithi. Kuuliza si ujinga. Asiende na kalamu mkononi mara ya kwanza, asikilize tu. Mara ya pili aombe ruhusa ya kuandika. Aandike jina la msimulizi, kijiji chake, na lugha: Kisanga, Kibemba, Kiluba, Kilamba, yoyote. Wimbo auandike mu lugha yenyewe, neno kwa neno, hata maneno asiyoyaelewa. Yale hasa asiyoyaelewa! Kisha aulize maana, aiandike chini. Tena asitengeneze mwisho. Kama mwisho unamchukiza, auache vile ulivyo, aandike pembeni, "Mimi nilichukizwa."

Na ulizo moja tunalitoa kwa wote: mwambieni nkambo hadithi ya mti uliokataa kuangusha matunda, halafu muulize, "Kwenu mti ule unaitwaje?" Pengine atasema haijui hadithi hiyo. Pengine atacheka na kusema umeisimulia vibaya, kisha ataisimulia yeye. Ndiyo sababu hatukuandika jina la kitabu cha Kilaka. Tungeliandika, wote mngerudi na lile lile, na wazee wangelikubali kwa heshima ya karatasi. Endeni na mikono mitupu.

Wanaomaliza mwaka huu, sisi wa sita, tutakuwa tumetawanyika wakati mvua itarudi. Wengine Lubumbashi, wengine Kolwezi, wengine ku migodi, wengine nyumbani. Hatutaweza kurudi kukusanya kila kitu. Kwa hiyo tunawaomba wa mwaka wa kwanza na wa pili, ambao siku zote tunawaambia, "Weye uko mudogo sana," wakubali kuwa wajumbe. Nkambo wanapenda kusimulia watoto kupita kusimulia vijana wenye ndevu, na vichwa vyenu havijajaa fomula.

Karatasi zenu zipelekwe kwa mwalimu wa Kiswahili au ziwekwe mu sanduku la jarida ku mlango wa maktaba, siku ya kwanza ya kurudi toka likizo ya Pasaka. Mwenye wimbo na hana maneno, aje hivyohivyo, auimbe. Pengine mwanafunzi mwingine wa kijiji cha jirani anayo maneno na amekosa sauti.

Safari njema kwa wote, na mtuamkie wazee.

Kwa niaba ya komite ya wanafunzi,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita
Koni